Jenerali Thomas Sumter: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukilitaja jina la Sumter, wengi watakujibu "Fort Sumter", ile ngome ya Charleston ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianzia mwaka 1861. Mtu ambaye ngome hiyo ilipewa jina lake hajulikani sana, hasa kwetu tunaosoma historia kwa Kiswahili. Hapa nimeweka pamoja maswali yanayorudi kila Sumter anapozungumziwa. Majibu mengine ni mafupi. Suala la watumwa nimelipa nafasi kubwa kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalorukwa mara nyingi.

## Mambo ya mwanzo

Thomas Sumter alikuwa nani hasa?

Alikuwa kiongozi wa wanamgambo wa South Carolina katika vita vya uhuru wa Marekani dhidi ya Uingereza, vilivyopiganwa kuanzia 1775 hadi 1783. Alizaliwa Virginia tarehe 14 Agosti 1734, akafariki South Carolina tarehe 1 Juni 1832, umri wake miaka 97. Katika maisha hayo marefu alipata kuwa sajini, mfungwa wa deni, mwenye duka, mwenye mashamba na watumwa, brigedia jenerali, mbunge na seneta.

Kuna jambo moja linalopita katika maisha yake yote: hakuvumilia kuamriwa na mtu aliye mbali. Mfalme aliyekaa London, jenerali wa jeshi la kudumu, serikali kuu ya nchi mpya, wote aliwapinga kwa moyo uleule. Ukilishika hilo, vita vyake na siasa zake vitakuelea. Ila ukiishia hapo utakuwa umemwona nusu tu. Nusu ya pili iko katika sehemu inayohusu Sheria ya Sumter, na naomba usiiruke.

Ni yeye aliyejenga Fort Sumter?

Hapana. Hakuijenga, hakuilinda, wala hakupigana hapo. Ujenzi wake, juu ya kisiwa kilichotengenezwa kwa kumwaga mawe baharini kwenye mlango wa bandari ya Charleston, ulianza mwaka 1829, wakati Sumter ni kikongwe wa miaka tisini na ushei. Alipofariki ilikuwa bado inajengwa. Hata alfajiri ya 12 Aprili 1861, mizinga ya kwanza ilipoipiga, kazi haikuwa imekwisha.

Mwanamgambo alitofautianaje na askari wa kawaida?

Sisi tuna msemo: la mgambo likilia, kuna jambo. Mgambo asili yake ni mwito, na mwanamgambo wa South Carolina alikuwa mtu wa mwito. Alikuwa mkulima ambaye, habari ikifika, hutwaa bunduki yake mwenyewe, hupanda farasi wake mwenyewe na kwenda. Mavuno yakikaribia alirudi shambani, na hakuna aliyemwona msaliti kwa hilo. Hakuwa na sare. Makamanda wake walikuwa majirani zake.

Jeshi la kudumu la makoloni, lililokuwa chini ya George Washington, lilikuwa kitu kingine: mikataba ya muda mrefu, gwaride, vyeo vinavyotoka juu, na mshahara, japo mara nyingi uliishia kwenye karatasi. Jenerali wa wanamgambo hakuwa na njia ya kuwashika watu wake kwa nguvu. Ilimbidi awashawishi, awashindie mapambano, na awape sababu ya kubaki. Sababu aliyoipata Sumter mwaka 1781 ndiyo iliyolichafua jina lake.

Kwa nini aliitwa Jogoo?

Jina la utani lilikuwa "Jogoo wa Carolina", na jogoo anayekusudiwa ni yule wa kupiganishwa, aliyefungwa vijembe miguuni, asiyerudi nyuma hata akivuja damu. Kuna masimulizi mawili kuhusu chanzo chake. Moja linasema Waingereza wenyewe ndio waliomfananisha hivyo kwa jinsi alivyopigana. La pili linasema alipokuwa akikusanya watu aliwakuta ndugu fulani wakipiganisha majogoo, akawaambia waje wapigane na watu badala ya ndege, nao wakamfuata na kumpa jina la jogoo wao. Jina lilimkaa. Mpaka leo timu za michezo za Chuo Kikuu cha South Carolina huitwa kwa jina la jogoo huyo.

## Kabla ya vita vya uhuru

Alitoka familia ya namna gani?

Familia ya kawaida ya mpakani. Baba yake alikuwa msaga nafaka katika eneo la Hanover, Virginia. Hakupata elimu kubwa. Alijifunza kinu, shamba, farasi na bunduki, kisha akaingia katika wanamgambo wa Virginia wakati wa vita baina ya Waingereza na Wafaransa vya miaka ya 1750 na 1760.

Ni kweli alisafiri na machifu wa Wacherokee hadi London?

Kweli, na ndicho kisa kinachonivutia kuliko vyote katika ujana wake. Mwishoni mwa 1761 Waingereza walikuwa wamefanya amani na Wacherokee, kabila la wenyeji asilia wa Amerika, na Luteni Henry Timberlake akajitolea kwenda kwenye miji yao ng'ambo ya milima kuthibitisha amani hiyo. Sajini Sumter akafuatana naye, pamoja na mkalimani. Kwa maelezo ya Timberlake mwenyewe, fedha za kununulia mtumbwi na chakula, karibu pauni 60, alizitoa Sumter.

Walidhani watafika kwa siku chache. Mto Holston ulikuwa umepungua maji, wakawa wanaukokota mtumbwi juu ya mawe, miguu ndani ya maji ya baridi kali, mpaka zaidi ya majuma matatu yakapita. Mahali fulani mtumbwi uliwaponyoka, na Sumter ndiye aliyejitupa mtoni akaogelea kuufuata katika maji hayo ya barafu. Desemba wakapokelewa na Ostenaco, kiongozi wa vita wa Wacherokee.

Mwaka uliofuata Ostenaco aliomba kumwona mfalme. Yeye na Wacherokee wenzake wawili walifika London 1762 wakiwa na Timberlake na Sumter, wakakutana na Mfalme George wa Tatu. Mkalimani wao, William Shorey, alikuwa amefia baharini, kwa hiyo mazungumzo na mfalme yalikuwa ya shida. Watu wa London walijazana kuwatazama wageni kama watu wanaokwenda kuangalia tamasha. Sumter alirejea nao Charleston mwaka huohuo.

Alifungwa jela kwa kosa gani?

Deni. Gharama za safari zile alizidai kwa serikali ya koloni la Virginia, akanyimwa, na waliomkopesha wakamfunga katika mji wa Staunton. Inasimuliwa kwamba rafiki yake Joseph Martin aliomba kulala naye humo gerezani usiku mmoja, na asubuhi akamwachia kishoka cha vita na sarafu 10 za dhahabu, ili kimoja kikishindwa, kingine kifanikiwe. Sarafu zilitosha. Mwaka 1766 Sumter akatoka Virginia kwenda South Carolina, na miaka kama 30 baadaye walipokutana tena akamlipa Martin fedha zake.

Ameanza maisha ya utu uzima na deni, na atayamaliza na deni. Tazama swali la madeni ya uzeeni.

Utajiri aliupata wapi?

Alifungua duka karibu na mto Santee, na mwaka 1767 akamwoa Mary Jameson, mjane tajiri aliyemzidi umri na ambaye ugonjwa wa kupooza ulikuwa umemwacha na ulemavu. Kwa ndoa hiyo alipata ardhi, kinu na watumwa, akaingia katika tabaka la wenye mashamba makubwa. Walipata mtoto wa kiume, Thomas, ambaye baadaye aliiwakilisha Marekani kwenye baraza la kifalme la Ureno lililokuwa limehamia Brazil.

## Vita

Kwa nini aliacha jeshi mwaka 1778, kisha akarudi 1780?

Mwaka 1776 alipewa cheo cha luteni kanali katika kikosi cha kudumu cha South Carolina. Vita vilihamia kaskazini, homa ikamsumbua, akajiuzulu 1778 na kurudi shambani. Huenda angebaki huko.

Charleston ilianguka mikononi mwa Waingereza tarehe 12 Mei 1780, na jeshi zima la Wamarekani lililokuwa mjini likatekwa. Wapanda farasi wa Banastre Tarleton, kamanda kijana wa Kiingereza aliyeogopwa kuliko wote kusini, wakaingia bara. Sumter alipata habari akaondoka saa chache kabla hawajafika kwake. Walimkuta mkewe. Kwa kuwa hakuweza kutembea, alibebwa akiwa kitini hadi uani, akawekwa hapo, akitazama nyumba yake ikiporwa na kuchomwa moto. Wenyeji husimulia kwamba askari mmoja aliona haya akamfichia paja la nyama ya nguruwe chini ya kiti ili asilale njaa.

Baada ya siku hiyo hakuna aliyehitaji kumshawishi Sumter arudi vitani. Waingereza walikuwa wameanza kulipoza jimbo kwa kuwaapisha watu wakae majumbani kwa amani. Moto kama ule uliwafanya wengi waliokwisha kuapa wachukue bunduki tena.

Nani alimfanya jenerali?

Kwanza watu wake wenyewe. Katikati ya Juni 1780 wakimbizi wa South Carolina walikutana karibu na mpaka wa North Carolina wakamchagua awe kiongozi wao. Serikali ya jimbo ilikuwa imekimbia, hapakuwa na mtu wa kumpa cheo. Gavana John Rutledge alimthibitisha kuwa brigedia jenerali Oktoba 1780, baada ya kupigana miezi minne. Kwa hiyo Sumter aliona daima kwamba cheo chake kimetoka chini, kwa watu, na karatasi ya gavana imekuja kuandika tu lililokwisha kuwa.

Katika miezi hiyo ya kwanza alipiga kambi katika ardhi ya Wacatawba, kabila jingine la wenyeji asilia, nao walimpa chakula na wapiganaji. Hili husahauliwa mara nyingi zinapotajwa sifa za wanamgambo.

Alishinda mapambano gani, na yapi alishindwa?

Rocky Mount, mwishoni mwa Julai 1780, alishindwa kuitwaa kambi iliyojengwa kwa magogo kwa sababu hakuwa na mizinga. Hanging Rock, tarehe 6 Agosti, aliwavunja watiifu wa mfalme, yaani Wamarekani waliokuwa upande wa Uingereza, lakini wanamgambo wake wakavamia pombe ya ramu na mali ya kambi, na ushindi uliokuwa mkononi ukabaki nusu. Mvulana wa miaka 13 aliyekuwa akipeleka ujumbe siku hiyo alikuwa Andrew Jackson, rais wa baadaye.

Blackstock's, tarehe 20 Novemba 1780, ndiyo siku yake kubwa. Alijipanga kilimani, nyuma ya majengo ya shamba kando ya mto Tyger, akamwacha Tarleton apande mlima na wapanda farasi wake kuelekea kwenye risasi. Tarleton alishindwa. Jioni ileile Sumter alisogea mbele kuangalia uwanja, akapigwa risasi zilizoingia kifuani na begani na kugusa uti wa mgongo. Alibebwa kutoka uwanjani, akakaa miezi kadhaa bila kuweza kupigana. Tarehe 13 Januari 1781 Bunge la makoloni lilipitisha azimio la kumshukuru yeye na wanamgambo wake.

Mwaka huohuo wa 1781 aliiteka Orangeburg mwezi Mei, kisha akaharibu mambo Julai, kama nitakavyoeleza kwenye swali la ugomvi wake na makamanda wenzake.

Fishing Creek kulitokea nini?

Tarehe 16 Agosti 1780 jeshi la kudumu lilipigwa vibaya huko Camden, South Carolina. Sumter alikuwa karibu, ana watu kama 800, mateka na magari ya mizigo aliyoyatwaa. Aliondoka kwa haraka, lakini joto na uchovu vikawashinda watu wake, na tarehe 18 wakapumzika kando ya kijito cha Fishing Creek. Bunduki zilipangwa pembeni. Wengine walikuwa wakioga, wengine wakipika, wengine wamelala. Sumter mwenyewe alilala chini ya gari la mizigo, kavua koti na buti.

Tarleton aliwafuata na watu kama 160 tu, kwa kuwa wengine walikuwa wamechoka akawaacha njiani. Hao 160 walitosha. Wanamgambo 150 hivi waliuawa au kujeruhiwa, na 300 wakatekwa. Sumter alirukia farasi asiye na tandiko, bila kofia na bila buti, akatoroka.

Mimi siwezi kulipita jambo hili kwa haraka. Walinzi aliowaweka hawakutosha, na alijua adui yuko nyuma yake. Lakini baada ya siku chache tu watu walikuwa wanamkusanyikia tena. Kamanda aliyeteuliwa kutoka juu angefukuzwa. Huyu alirudiwa na wale wale waliomchagua.

Kisa cha karatasi ya Meja Wemyss ni kipi?

Usiku wa kuamkia 9 Novemba 1780, Meja James Wemyss wa Uingereza aliivamia kambi ya Sumter huko Fish Dam Ford, na kikundi maalumu kikatumwa moja kwa moja kwenye hema lake. Sumter alipenya upande wa nyuma akajificha ukingoni mwa mto hadi kulipokucha. Wemyss alijeruhiwa mwanzoni kabisa, akaachwa na wenzake.

Asubuhi, inasimuliwa, mfukoni mwa Wemyss ilipatikana karatasi yenye orodha ya nyumba alizozichoma. Wanamgambo wangeiona, hangetoka hai. Sumter aliisoma akaitupa motoni. Mtu ambaye nyumba yake ilichomwa miezi sita kabla aliamua hivyo, na ninakiweka kisa hiki hapa kwa sababu msomaji atakayefika sehemu inayofuata atahitaji kujua kwamba alikuwa na uwezo wa huruma. Alichagua wa kumhurumia.

Kwa nini aligombana na makamanda wenzake?

Nathanael Greene alipochukua uongozi wa jeshi la kusini mwishoni mwa 1780, alihitaji wanamgambo waje pale atakapowaita. Sumter aliona kazi yake ni kuitoa South Carolina mikononi mwa adui kwa mipango yake. Aliwaagiza makanali wake wasifuate amri za Daniel Morgan, jenerali aliyekuwa chini ya Greene, isipokuwa zimepitia kwake. Greene alipomwita Aprili 1781 kabla ya pambano la Hobkirk's Hill, hakwenda.

Na Henry Lee, ofisa wa wapanda farasi wa jeshi la kudumu, waligombania ngome ya Fort Granby. Sumter aliizingira, akaondoka kwenda Orangeburg, na aliporudi akakuta Lee amekwisha kupokea ngome hiyo Mei 1781 kwa masharti mepesi yaliyowaruhusu maadui waondoke na mali waliyopora. Akaandika barua ya kujiuzulu. Greene akairudisha kwa maneno ya upole.

Kilichommaliza ni shambulio la shamba la Shubrick, tarehe 17 Julai 1781. Lee na Francis Marion, jenerali mwingine wa wanamgambo wa South Carolina, walipima ngome ya adui wakaona haifai kushambuliwa. Sumter akaamuru shambulio hata hivyo, na mzinga wake alikuwa ameuacha nyuma. Watu wa Marion na wa Kanali Thomas Taylor waliangushwa uwanjani pasipo kinga. Taylor alimwendea Sumter, aliyekuwa amekaa kivulini, akamwambia hatatumika tena chini yake. Lee na Marion wakaondoka usiku ule bila hata kuaga. Mwanzoni mwa 1782 Sumter akajiuzulu moja kwa moja.

## Sheria ya Sumter

Sheria ya Sumter ilikuwa nini?

Hakuna bunge lililoitunga. Ulikuwa mpango wake wa kuandikisha askari katika majira ya kuchipua ya 1781. Alitaka watu wa kukaa miezi 10 mfululizo, wasiokimbilia mavuno, na jimbo halikuwa na fedha. Akaahidi kuwalipa kwa watu. Askari wa chini angepata mtumwa mmoja mzima. Kadiri cheo kilivyopanda, malipo yalipanda, hadi kanali aliyeandikiwa watu wazima watatu na mdogo mmoja.

Soma tena maneno hayo ya mwisho. "Mdogo mmoja" ni mtoto, aliyeingizwa kwenye hesabu ya mshahara kama senti za kukamilisha shilingi.

Watu hao walitoka wapi, na walipelekwa wapi?

Walichukuliwa kwenye mashamba ya watiifu wa mfalme, pamoja na farasi, chumvi na nafaka. Kwa vitendo haikuwa rahisi kubagua. Mtu aliyemchukia jirani yake aliweza kumwita mtiifu wa mfalme na kumbebea kila kitu. Waliochukuliwa waligawanywa kwa askari, na kugawanywa maana yake ni kwamba mume angeweza kwenda na kapteni mmoja, mke na mwingine, na mtoto na kanali. Majina yao karibu yote hayakuandikwa. Majina ya waliowapokea yapo.

Ubaya wa mambo ni kwamba ahadi ilikuwa kubwa kuliko idadi ya watu waliokamatwa, na madai ya askari ambao hawakulipwa yaliendelea baada ya vita. Mwaka 1784 bunge la South Carolina lilipitisha sheria ya kumkinga Sumter na makamanda wenzake wasishtakiwe kwa mali iliyochukuliwa wakati wa vita. Kinga hiyo ilikuwa dhidi ya wamiliki. Waliogawanywa hawakuwa na haki ya kumshtaki mtu yeyote.

Wenzake waliuonaje mpango huo?

Marion hakuupenda, na hakuutumia kama Sumter. Gavana Rutledge alipiga marufuku uporaji Agosti 1781, na mpango ukakosa miguu. Pingamizi nyingi, hata hivyo, zilihusu nidhamu na mali: kwamba uporaji unaharibu jeshi na kuwageuza majirani kuwa maadui. Wachache sana waliuliza swali la wale waliolipwa kama mshahara.

Si ndivyo walivyofanya wote zama zile?

Swali hili huulizwa kwa nia njema, na linastahili jibu la wazi. Utumwa ulikuwa halali South Carolina, na Waingereza nao waliwatwaa watumwa wa wapigania uhuru. Lakini zama zile zile watumwa wengi walikimbilia kwa Waingereza kwa sababu walikuwa wameahidiwa uhuru. Maana yake ni kwamba walijua tofauti kati ya uhuru na utumwa vizuri kuliko jenerali yeyote, na walihatarisha maisha kwa ajili yake. Zama hazikuwa na sauti moja. Anayesema "wote walifanya hivyo" amewatoa hao kwenye hesabu ya "wote".

## Siasa

Alishika vyeo gani?

Alikaa katika bunge la jimbo wakati na baada ya vita. Bunge la kwanza la Marekani lilipoanza 1789 alikuwemo katika Baraza la Wawakilishi, akakaa hadi 1793. Akashindwa uchaguzi, akarudi 1797. Desemba 1801 akaingia Seneti kuchukua nafasi ya Charles Pinckney, aliyeteuliwa kuwa balozi Hispania, na akabaki humo hadi Desemba 1810, akaondoka akiwa na miaka 76. Alikuwa upande wa Thomas Jefferson, rais aliyetetea nguvu za majimbo dhidi ya serikali kuu.

Mpigania uhuru alipingaje Katiba ya nchi yake?

Mkutano wa South Carolina wa kuiridhia Katiba ulifanyika Charleston Mei 1788. Watu wa bara, waliotoka mbali na bandari, waliogopa kwamba wanaondoa mtawala wa London na kumweka mwingine aliye karibu zaidi. Sumter alitoa hoja mkutano uahirishwe hadi Oktoba, ili waone Virginia itaamua nini. Hoja ilianguka kwa kura 135 dhidi ya 89. Tarehe 23 Mei Katiba ikapita kwa 149 dhidi ya 73, na yeye akiwa miongoni mwa 73.

Kwake hakukuwa na mgongano wowote. Ni mtu yule yule aliyekataa kwenda kwa Greene. Baada ya kura kupita alikubali matokeo na kugombea ubunge chini ya Katiba aliyoipinga, akitaka kuilinda nguvu ya jimbo akiwa ndani.

Alikuwa na msimamo gani katika mzozo wa majimbo kubatilisha sheria za taifa?

Uzeeni, South Carolina ilipodai kuwa jimbo lina haki ya kuikataa sheria ya ushuru iliyotungwa Washington, kikongwe huyo aliunga mkono. Rais aliyesimama upande wa pili alikuwa Andrew Jackson, yule mvulana wa Hanging Rock. Sumter alifariki miezi michache kabla mzozo haujafika kileleni, Novemba 1832.

Stateburg ni mji gani?

Ni mji aliouanzisha baada ya vita katika vilima virefu vya Santee, akitumaini uwe makao makuu ya jimbo. Mwaka 1786 ikachaguliwa Columbia. Mji unaoitwa Sumter, makao makuu ya wilaya ya Sumter, uko karibu na hapo.

Kwa nini alizeeka na madeni?

Alinunua ardhi nyingi kuliko uwezo wake wa kuilipia, kwa matumaini kwamba bei itapanda. Madai na kesi zikamfuata miaka mingi. Mwaka 1827, akiwa na miaka 93, bunge la jimbo lilimpa nafuu: deni lake kwa benki ya jimbo lisidaiwe maadamu yu hai.

## Maswali ya pembeni

Ni kweli alikuwa jenerali wa mwisho wa vita vya uhuru kufariki?

Ndiyo, ndivyo anavyohesabiwa. Aliishi zaidi ya miaka 32 baada ya Washington kufariki.

Kuna jenerali mwingine wa wanamgambo wa South Carolina aliyekuwa mbunge, na jina lake linahusiana na Fort Sumter?

Yupo, na nimemwacha wa mwisho kwa sababu ndiye ninayetamani ajulikane zaidi. Anaitwa Robert Smalls. Alizaliwa mtumwa Beaufort, South Carolina, tarehe 5 Aprili 1839, miaka saba baada ya Sumter kufariki.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa akiongoza usukani wa meli ya Planter, iliyotumiwa na jeshi la majimbo ya kusini katika bandari ya Charleston. Kabla ya alfajiri ya 13 Mei 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala mjini, Smalls na wenzake waliiwasha meli, wakapitia gatini kuzichukua familia zao, wakaelekea mlango wa bandari. Ilibidi wapite chini ya mizinga ya Fort Sumter. Smalls alivaa kofia ya nahodha, akasimama kama nahodha alivyozoea kusimama, akapuliza filimbi ya mvuke kwa ishara sahihi. Mlinzi akawaruhusu. Walipotoka nje ya masafa ya mizinga wakashusha bendera na kupandisha shuka jeupe, wakaikabidhi meli kwa wanamaji wa kaskazini.

Baada ya vita alifika cheo cha meja jenerali katika wanamgambo wa jimbo, akachaguliwa mara kadhaa kwenye Baraza la Wawakilishi, akianza kukaa humo 1875. Na kule Beaufort aliinunua nyumba ya bwana aliyekuwa akimmiliki, ile ambayo nyuma yake, katika vibanda vya watumwa, ndiko alikozaliwa.